Chakula cha Kwanza kwa Mtoto Mwenye Ukurutu: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Unguja na Pemba

Nilipoanza uuguzi kwenye kliniki ya watoto hapa Pemba, mama akija na mtoto mwenye ukurutu nilimpa nasaha bila ya kusita: yai lisubiri atimize mwaka, njugu (karanga) zisubiri zaidi, samaki tutaona huko mbele. Ndivyo nilivyofunzwa. Mwanangu wa kwanza nikamlea hivyo hivyo. Ngozi yake ilikuwa kavu tangu hajatoka arubaini, na kufikia miezi mitatu mashavu yalikuwa yanachuruzika maji, usiku halali kwa kujikuna. Alipokuwa na mwaka na miezi minne alipokonya kipande cha keki mkononi mwa binamu yake harusini. Sahani hazijaondolewa, midomo imeshavimba, mwili umejaa mabaka, anatapika. Ulikuwa mzio, yaani aleji, wa yai lililomo ndani ya keki, chakula nilichomficha nacho kwa uangalifu wangu wote.

Alipona. Lakini daktari aliyemtibu alinieleza jambo nililokuwa silijui, kwamba kule kumficha huenda ndiko kulikomponza. Mwanangu wa pili, ambaye ngozi yake ilikuwa mbaya kuliko ya kaka yake, nilimlisha kwa njia ninayoieleza hapa, na ndiyo ninayowafundisha akina mama wanaonijia sasa.

Nasaha ilivyobadilika

Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri familia zenye mzio zicheleweshe maziwa ya ng'ombe hadi mwaka 1, mayai hadi miaka 2, njugu na samaki hadi miaka 3. Nasaha hiyo ilisambaa dunia nzima mpaka ikafika kwenye vyumba vyetu vya kliniki. Mwaka 2008 chama hicho hicho kiliiondoa, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba kuchelewa kunamkinga mtoto. Kwetu iliendelea kuishi midomoni.

Mwaka huo huo ulitoka utafiti uliolinganisha watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza na wanaoishi Israel. Asili yao moja, lakini mzio wa njugu kwa wale wa Uingereza ulikuwa mara 10 zaidi. Watoto wa Israel walikuwa wakilishwa vitafunio laini vya njugu kabla ya kutimiza mwaka, wenzao walikuwa wakifichwa. Profesa Gideon Lack na wenzake wa King's College London wakaamua kulipima jambo lenyewe. Walichukua watoto 640 wa kati ya miezi 4 na 11, wenye ukurutu mkali au mzio wa yai. Nusu walilishwa njugu kila wiki, nusu wakazuiliwa, mpaka wakafika miaka 5. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Kwa watoto ambao kipimo cha ngozi hakikuonesha alama ya mzio wa njugu mwanzoni, waliozuiliwa asilimia 13.7 walipata mzio wa njugu. Waliolishwa, asilimia 1.9.

Japani nako, mwaka 2017, watoto wenye ukurutu walipewa unga wa yai lililopikwa kuanzia miezi 6, kiasi kidogo mno, huku ngozi zao zikitibiwa barabara. Walipotimiza mwaka, asilimia 8 walikuwa na mzio wa yai. Kwa wenzao ambao hawakupewa ilikuwa asilimia 38.

Wataalamu wanaeleza hivi. Kinga ya mwili hukijua chakula kwa milango miwili. Kikipita mdomoni, tumbo huijuvya kinga kwamba huyu ni mgeni wa kheri. Kikipita kwenye ngozi iliyopasuka, kinga hukichukulia kama adui na kujiandaa kupigana nacho. Mtoto wa ukurutu ngozi yake ina nyufa, na nyumba zetu hazikosi chakula hewani na vidoleni: bibi amemaliza kumenya yai anambeba mjukuu, kaka yake amekula kashata anamshika shavu. Kwa hiyo ni mbio baina ya mdomo na ngozi, na kazi yetu yote ni kuhakikisha mdomo unatangulia. Kila hatua inayofuata hapa inatokana na hilo.

Hatua ya kwanza: mjue mtoto wako

Mwenye hatari kubwa ni mtoto mwenye ukurutu mkali, yaani ule unaorudi kila mara, unaomkosesha usingizi, unaohitaji krimu ya daktari mara kwa mara. Huyu, na yule ambaye tayari ameshapata mzio wa chakula kimoja, hasa yai, waonane na daktari wa watoto kabla ya kuanza vyakula vya mzio, yaani vile vinavyouleta zaidi kama yai, njugu na samaki. Usingoje miezi 6 ndipo uende. Nenda akiwa na miezi 3 au 4, kwa sababu miongozo ya Marekani ya mwaka 2017 inawashauri watoto wa kundi hili waanze njugu mapema, baina ya miezi 4 na 6, baada ya kuangaliwa na daktari. Huo ni uamuzi wa daktari pamoja nawe. Usiufanye peke yako.

Mtoto mwenye ukurutu wa wastani anaweza kuanzishiwa nyumbani anapofika karibu miezi 6. Mtoto asiye na ukurutu kabisa lakini baba yake ana pumu au mama yake huvimba akila kamba, hatari yake ipo ila si kubwa kama watu wanavyodhani. Naye alishwe kama kawaida, bila ya kucheleweshwa.

Kuna wazazi wanaotaka damu ipimwe kwa vyakula ishirini kabla ya kijiko cha kwanza. Siwashauri. Kipimo kinaweza kuonesha alama ya mzio kwa chakula ambacho mtoto anakila bila ya shida, na matokeo yake mtoto ananyimwa samaki na mayai kwa sababu ya karatasi.

Hatua ya pili: itibu ngozi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na mimi naiweka mbele ya chakula. Mkoshe mtoto kwa maji ya vuguvugu, muda mfupi, bila ya sabuni za dawa zenye harufu kali. Mfute kwa kumgusagusa, usimsugue. Ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake mafuta ya mgando ya kawaida, yale meupe yasiyotiwa manukato, kwa wingi, mara mbili kwa siku au zaidi. Penye wekundu na michubuko tumia krimu aliyoandika daktari, kwa siku alizosema. Mama wengi huiogopa wakapaka kama tone la wino, kisha wakasema haisaidii.

Usimpake mtoto wa ukurutu mafuta ya ufuta wala ya njugu, hata kama ndiyo yanayotumika kwenye kumkanda tangu enzi za bibi zetu. Ufuta na njugu ni vyakula tunavyotaka avijue kwa mdomo, na ngozi yenye nyufa siyo mahali pa kukutana navyo kwanza. Kila anayetaka kumbeba anawe mikono kwanza kwa sabuni. Hilo liseme kwa upole, lakini liseme kwa kila mtu, hata kwa mgeni aliyetoka Dar na zawadi.

Hatua ya tatu: wakati na dalili za utayari

Kwa watoto walio wengi, maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, kama Shirika la Afya Duniani na kliniki zetu zinavyosema. Kabla ya kutimiza miezi 4, mtoto yeyote asipewe chakula. Angalia shingo imekaza, anakaa kitako akishikwa, anafuata mkono wako unapokula, na ukimtia kijiko ulimi hausukumi tena kila kitu nje.

Ziwa lisikatwe. Kumwanzia chakula siyo kumlikiza. Surat Al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili, na madaktari nao wanasema mpaka miaka miwili au zaidi. Mama anayenyonyesha ale mayai, njugu, samaki na maziwa kama kawaida. Kujinyima kwake hakumkingi mtoto na mzio.

Na asali. Kuna wanaoitumia kwenye tahniki, yaani kumpaka mtoto mchanga kitu kitamu mdomoni, badala ya tende, na kuna wanaompaka mtoto ulimini akikohoa. Asali isipite mdomoni mwa mtoto kabla ya kutimiza mwaka 1. Inaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho hutoa sumu ndani ya utumbo wa mtoto mchanga na kumlegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Hili halihusiani na mzio, lakini siwezi kuandika juu ya chakula cha kwanza Zanzibar nikaliacha. Anayefanya tahniki atosheke na tende laini, kiasi cha kupaka tu, kwa mkono safi.

Hatua ya nne: chagua siku

Chakula cha mzio huanzishwa asubuhi au kabla ya adhuhuri, siku ambayo mtoto ni mzima. Hana homa, haharishi, hakuchomwa chanjo siku hiyo, ngozi imetulia. Uwe nyumbani kwa saa mbili mbele yako, na usiwe peke yako. Mama wanaolima mwani nawaambia wasianze kipindi cha bamvu, maana wakati huo akili na miguu viko pwani. Wangoje maji mafu. Mwezi wa Ramadhani usimwonjeshe jioni wakati nyumba nzima iko jikoni kwa futari, kisha mtoto akalazwa. Dalili zikija usingizini hutaziona.

Kabla ya siku hiyo, jua mambo mawili. Gari au bodaboda ya nani itakupeleka ukihitaji, na kituo cha afya kilicho karibu nawe kina sindano ya adrenalini, dawa ya mzio mkali, au la. Uliza, usione haya. Walioko Kojani, Tumbatu au Makoongwe wahesabu na chombo cha kuvukia: kama mtoto ana ukurutu mkali, ni bora kijiko cha kwanza cha yai na cha njugu apewe ng'ambo ya huku, kwenye nyumba ya jamaa iliyo karibu na hospitali, au kliniki kwenyewe daktari akikubali.

Hatua ya tano: siku za mwanzo, vyakula visivyo na makuu

Anza na ndizi iliyopondwa, boga, kiazi kitamu, muhogo uliopikwa ukalainika kabisa. Vijiko viwili vitatu, mara mbili kwa siku, kizito kiasi kwamba hakimwagiki kijiko kikiinamishwa. Lengo la siku hizi tano au sita ni mtoto ajue kumeza, nawe ujue sura yake anapokula bila ya tatizo lolote. Usitie chumvi, usitie sukari, na chai asipewe, maana huzuia mwili kuchukua madini ya chuma.

Tui la nazi halina kitisho. Nazi haimo katika kundi la korosho na njugu, na mzio wake ni nadra. Likamue jepesi, changanya kwenye boga.

Sasa nifike kwenye uji wa lishe, kwa sababu hapa ndipo ninapogombana na watu ninaowapenda. Ule unga unaosagwa kwa pamoja, mahindi, mchele, mtama, soya, njugu, ufuta, pengine na dagaa, unauzwa kama ndio uji bora wa mtoto. Kwa mtoto mwenye hatari ya mzio usiwe uji wa kwanza. Ndani ya kijiko kimoja kuna vyakula vya mzio vinne au vitano, na akivimba hutajua umlaumu nani. Mpikie uji wa nafaka moja. Akishakijua kila kimoja peke yake, changanya mwenyewe nyumbani.

Hatua ya sita: yai

Yai ndilo la kwanza katika vyakula vya mzio, kwa kuwa ukurutu na mzio wa yai hufuatana mno. Lichemshe kwa dakika zisizopungua 10 tangu maji yaanze kuchemka, kiini na ute vyote vigande. Joto huvunja sehemu kubwa ya kile kinacholeta mzio, ndiyo maana yai bichi au la kukaanga nusunusu halifai hapa.

Liponde lote, kiini na ute pamoja. Wapo wanaotoa kiini peke yake wakiona ute ndio mkali, lakini ute ndio mwili unaohitaji kuujua. Changanya kwenye ndizi au boga ambalo mtoto ameshalizoea. Mpe ncha ya kijiko. Ngoja dakika 10 hadi 15, mwangalie midomo, macho, mikono. Pakiwa shwari mpe robo kijiko cha chai, kisha siku hiyo basi. Kaa naye saa mbili.

Kesho yake au keshokutwa mpe kijiko cha chai kamili, siku nyingine viwili. Ukishavuka wiki moja bila ya tatizo, yai ni lake. Apewe mara mbili au tatu kwa wiki, kwa jumla lisipungue yai moja dogo.

Mama mkwe wangu aliniambia yai litamchelewesha mtoto kusema. Sikubishana naye. Nilimwomba yeye ndiye aliponde kila asubuhi na amtazame mjukuu wake anavyokua. Bibi akishakuwa na kazi kwenye jambo, hulilinda.

Hatua ya saba: njugu

Mpe yai siku tatu nne za utulivu, ndipo uingie kwenye njugu. Mtoto akiwa na mzio wa yai uliothibitika, usiende kwenye njugu bila ya daktari.

Kazi inaanzia sokoni. Njugu zetu nyingi zinatoka bara, zinasafiri ndani ya magunia na pengine zinalowa njiani. Njugu iliyopata unyevu huota ukungu, na ukungu huo huacha sumu ya aflatoksini inayodhuru ini na kuhusishwa na kudumaa kwa watoto. Kukaanga hakuiondoi. Kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo nunua njugu nzima, usinunue zilizosagwa tayari kutoka kwenye ndoo usiyoijua. Zimwage kwenye ungo mbele ya mwangaza. Toa iliyonyauka, iliyobadilika rangi, iliyopasuka, iliyoota, yenye doa la kijani au jeusi. Njugu moja chungu mdomoni mwako ni sababu ya kuimwaga sehemu hiyo yote. Mwanangu wa pili nilimnunulia nusu kilo na robo yake ikaishia jaani, wala sijutii.

Kaanga kwa moto mdogo, ondoa maganda, twanga kwenye kinu au saga kwa brenda mpaka itoe mafuta yake na kuwa laini kama siagi. Usitie chumvi wala sukari. Hifadhi kidogo kidogo kwenye chupa kavu yenye mfuniko.

Kwa kumlisha, chukua vijiko viwili vya chai vya siagi hiyo, koroga na vijiko viwili au vitatu vya maji ya moto mpaka iwe laini na nyepesi, iache ipoe. Isipewe mtoto ikiwa nzito, kwani hunata kooni na kumkaba. Njugu nzima au vipande visimkaribie mpaka atimize miaka 5, na kashata nayo iko katika hukumu hiyo.

Utaratibu ni kama wa yai: ncha ya kijiko, dakika 10, kisha kidogo kidogo. Siku za mbele ongeza mpaka amalize vile vijiko viwili, na apewe mara tatu kwa wiki. Kiasi hicho kinakaribia kile walicholishwa watoto wa London, takriban gramu 6 za protini ya njugu kwa wiki. Akishiba hajamaliza, usimlazimishe. Wiki ina siku saba.

Vilivyobaki

Vinavyofuata vinaweza kwenda kwa kasi kidogo, kimoja kila siku mbili tatu, kwa utaratibu ule ule wa kuonja na kungoja.

Ngano: boflo iliyolowekwa kwenye maziwa ya mama, au uji wa unga wa ngano. Maziwa ya ng'ombe: mtindi usio na sukari, au maziwa yaliyopikiwa kwenye kiazi. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe kama kinywaji chake kikuu kisubiri mwaka 1. Ufuta: sio punje zilizo juu ya mkate wa ufuta, kwani hizo humpita nzima. Usage uwe mlaini, anza na ncha ya kijiko. Korosho nazo zisagwe vivyo hivyo. Korosho si jamaa ya njugu, na mtoto anaweza kuila moja ikamkataa nyingine, kwa hiyo kila moja ina siku yake ya majaribio. Kamba na kaa: wapikwe wakaive kabisa, wasagwe, wawe freshi. Chooko, kunde na mbaazi pondaponda bila ya wasiwasi mkubwa.

Samaki anataka maneno zaidi, kwa sababu sisi ni watu wa samaki. Anza na changu au tasi, mchemshe, mchambue miiba kwa vidole vyako viwili. Vidole huuona mwiba ambao macho hayauoni. Dagaa waliokaushwa huwa wamechemshwa kwenye maji ya chumvi, hivyo waloweke, wakoshe mchanga, uwatoe vichwa, wakauke tena ndipo uwasage.

Jodari, nguru na kibua wana jambo jengine. Wakikaa juani bila ya barafu, ndani ya nyama yao hutengenezeka histamini, kitu kile kile ambacho mwili wa mwenye mzio hukimwaga. Anayemla huwa mwekundu uso, kichwa kinamgonga, mwili unawasha, na kupika hakukiondoi. Nimepokea familia iliyoapa kwamba wana mzio wa nguru wote watano tangu mchana ule. Watu watano hawapati mzio kwa pamoja. Ni samaki aliyechelewa barafu. Kwa mtoto nunua samaki wa asubuhi, jicho angavu, shavu jekundu, na jodari umwache mpaka uwe na hakika ya alikotoka.

Kujua lipi ni mzio

Wekundu kidogo kuzunguka mdomo baada ya tungule, chungwa au embe, bila ya kitu chengine, mara nyingi ni ngozi iliyowashwa na ukali wa chakula au utomvu. Mpake mafuta ya mgando mashavuni kabla ya kula, itapungua.

Mzio wa haraka huja ndani ya dakika chache hadi saa mbili: mabaka yaliyovimba na kuwasha, midomo au macho kuvimba, kutapika. Kikiishia kwenye mabaka machache, acha chakula hicho, mwangalie kwa karibu, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Usimpe dawa ya mzio ya kusinzisha uliyonunua dukani. Promethazini, kwa mfano, haipewi mtoto chini ya miaka 2 kwa sababu inaweza kumzuia kupumua.

Hatari yenyewe ni hii: anapumua kwa taabu au kwa mluzi, sauti ya kilio imebadilika ikawa ya mkwaruzo, anakohoa mfululizo, anatapika tena na tena huku ana mabaka, amepauka, amelegea kama kitambaa. Hapo hakuna kungoja wala kusoma kwanza. Mlaze, usimbebe wima begani, akitapika mgeuze ubavu, na uondoke naye. Ukifika mlangoni sema: "amekula yai saa fulani, ana mzio, anapumua vibaya." Dawa ni adrenalini, sindano ya pajani. Akipata nafuu abaki hospitalini kwa saa kadhaa, maana dalili zinaweza kurudi. Kwa Pemba kuna Chake Chake, Wete na Abdalla Mzee ya Mkoani. Kwa Unguja, Mnazi Mmoja au hospitali ya wilaya iliyo karibu nawe.

Kuna aina nyengine inayotudanganya sisi wauguzi pia. Mtoto anakula, anacheza, kisha baina ya saa 1 na 4 anaanza kutapika kwa nguvu, anapauka, analegea, hana baka hata moja. Tunaona ni tumbo au malaria. Ikitokea mara ya pili kwa chakula kile kile, huenda ni mzio wa tumbo unaochelewa. Wali na samaki, chakula chetu cha kila siku, ni miongoni mwa vinavyouleta. Andika saa ya kula na saa ya kutapika, mpeleke daktari na karatasi hiyo.

Mtoto mwenye mzio wa yai chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na 18 achomwe kama wenzake. Nimeona kadi za kliniki zilizoachwa wazi kwa hofu hii, na surua haimuulizi mtoto kama anakula yai.

Usiache ulichokianza

Kosa la pili kwa ukubwa, baada ya kuchelewa, ni kumwonjesha mara moja, kufurahi, kisha kusahau miezi mitatu. Mwili unaweza kuipoteza ile suluhu, hasa ngozi ikiwa bado na nyufa. Yai, njugu, na vyengine vya mzio vinavyoliwa nyumbani mwenu virudi kila wiki. Mimi nilibandika karatasi kwenye mlango wa kabati: Jumamosi na Jumanne yai, Jumapili, Jumatano na Ijumaa njugu, samaki akipatikana. Anayebaki na mtoto nikiwa zamu alikuwa anaweka alama ya kalamu. Watoto wa ule utafiti wa njugu walifuatiliwa mpaka ujanani, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionesha kinga imebaki, ingawa baada ya miaka 6 waliachiwa wale au wasile wenyewe. Kinachohitaji uvumilivu ni miaka hiyo ya mwanzo.

Mtoto akithibitika ana mzio wa chakula kimoja, ondoa hicho kimoja tu. Vyengine aendelee navyo. Mwambie bibi, mwambie dada wa kazi, na akikua mwambie ustadhi wa chuoni na mwalimu wa skuli, kwa sababu watoto hugawiana visheti na kashata mapumzikoni. Mzio wa yai na wa maziwa watoto wengi huuacha wanavyokua. Wa njugu, korosho na samaki huwa mgumu zaidi kuondoka. Usimjaribu mwenyewe nyumbani kuona kama umekwisha. Mwanangu wa kwanza alirudishiwa yai hospitalini, akiwa na miaka mitano, kwa kipande cha keki iliyookwa sana, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, daktari akiwa amekaa pembeni yake na sindano mezani. Alikula, akaomba kingine, tukakaa pale mpaka alasiri.